Tone la Asidi Ukweni

Naandika haraka kwa sababu shemeji yangu ameshatuma sauti kwenye makundi yote kwamba nimemwaga maji ya betri juu ya meza ya mama mkwe. Uongo mtupu. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Yangu ilikuwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, ile ya kazini ya kupimia mawe, tena lilidondoka tone moja tu. Haya, matatu.

Mjomba kaja kutoka Geita na jiwe kwenye leso. Mnamjua mjomba: kabla ya salamu kuisha ameshagawa hela za dhahabu yake. Jiwe linang'aa manjano, lina vijisanduku vyenye mistari ubavuni. Pairaiti hiyo, madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu, lakini ukweni hausemi, unaonyesha. Nikaomba kipande cha kigae, nikalisugua upande wa nyuma, ule mkavu usio na mng'ao. Dhahabu ingeacha mstari wa manjano. Hili likaacha mweusi wenye ukijani. Nikachomeka ncha ya sindano kwenye kijisanduku: kwenye kipimo cha Mohs, cha ugumu wa madini wa 1 hadi 10, dhahabu ni 2.5 hadi 3, ingebonyea. Hili ni 6 na ushee, sindano ikateleza. Mjomba akasema sindano yangu butu.

Ningeishia hapo. Tatizo jiwe lilikuwa na mkanda mweupe, na mama mkwe akauliza, "Na hicho cheupe, baba?" Jamani, mkwe amekuuliza swali la fani yako! Cheupe kinaweza kuwa madini ya kwatzi au ya kalisaiti. Kwatzi inakwaruza kioo na haijali asidi. Kalisaiti inatoa povu. Nikatoa chupa.

Tone likatua kwenye mkanda. Kimya. "Kwatzi," nikatangaza, nimenyoosha shingo. Tone likateleza ubavuni mwa jiwe. Likaning'inia. Likadondoka mezani, na mengine mawili nyuma yake.

Tssssss.

Mtu mwenye akili angefuta. Mimi nikainama, nikatabasamu, nikasema kwa furaha ya dhati, "Kalisaiti!" Viputo vidogo vyeupe vinapanda, hewa ukaa inatoka, asidi inakula ung'avu wa meza polepole, na mimi natazama. Mama mkwe akasema, "Hiyo meza ni graniti. Nimeuziwa kwa bei ya graniti."

Hapa ndipo shemeji anapopunguza chumvi badala ya kuongeza, maana hili hakuwasimulia. Graniti ni kwatzi, feldspa na mika. Asidi hiyo haiitoi povu, na kisu cha kawaida hakiingii. Jiwe la marumaru ni kalisaiti, ugumu 3. Kwa hiyo nikachukua kisu cha matunda nikapiga mstari. Pembeni kidogo. Wa kuthibitisha tu, wadau! Ukaingia vizuri sana.

Mke wangu alitoka nje. Mjomba alifunga jiwe lake kwenye leso akasema kumbe mimi nabomoa kila kitu. Nikamwaga maji mengi, nikafuta, pakabaki madoa matatu yaliyofifia na mstari. Fundi wa kung'arisha mawe ameshapiga hesabu, nalipa mimi.

Ila leo asubuhi mama mkwe kapiga simu mwenyewe, sauti ya chini kabisa. Jumamosi anakwenda kwa yule muuza meza. Nimsindikize, na nisisahau chupa.