Kifaa cha fundi wa Tanga kwenye betri za mtandao: kiachiwe kazi gani?

Wenye mitandao midogo ya intaneti Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Pongwe, wana njia mbili za kulinda betri zinazoshikilia rauta na swichi umeme unapokatika. Wanaweza kununua rektifaya (chaja inayogeuza umeme wa gridi kuwa wa DC wa kuchaji betri) iliyotoka nje ya nchi, yenye kidhibiti chake, au kumpa fundi wa hapa atengeneze kifaa cha kupima volti na joto na kutuma ujumbe kwenye simu. Hiki cha pili hukataliwa haraka kwa kuwa hakina cheti. Hoja hiyo ina uzito, lakini anayeitoa aanze kwa kupima joto la ndani ya kabati lake.

Benki ya volti 48, yaani betri za risasi zisizoongezwa maji zilizoungwa mfululizo, ina seli 24. Kwenye digrii 25, chaji ya kudumisha, ile inayoishikilia betri iliyokwisha kujaa, ni kama volti 2.25 kwa seli, yaani 54 kwa benki nzima. Joto likipanda, volti hizo zinatakiwa zishuke kwa takriban milivolti 3 kwa seli kwa kila digrii. Zidisha kwa 24, unapata milivolti 72. Kabati lililofungwa likifika digrii 40 wakati wa kaskazi, chaja inapaswa kutoa karibu volti 52.9. Ikibaki kwenye 54, ziada ni volti moja tu, ndogo kabisa machoni pa anayesoma mita. Betri, hata hivyo, inaibeba usiku na mchana kwa miezi. Maji ya ndani hugeuka gesi na kutokea kwenye vali, betri inakauka, inavuta ampea zaidi, inazidi kupata moto, mwisho inavimba. Rektifaya nzuri hujirekebisha yenyewe, mradi waya wake wa sensa ya joto umefungwa kwenye betri. Usipofungwa, haina namna ya kujua kuwa betri inaungua.

Hapo ndipo kazi ya fundi wetu inapostahili heshima. Sensa ya joto ya DS18B20 haigharimu sana. Ibandikwe ubavuni mwa betri ya katikati, isining'inizwe hewani. Kifaa kiwe na laini yake ya simu na betri yake ndogo, maana taarifa inayopitia rauta ile ile hufa pamoja nayo. Moduli ya SIM800L, inayotuma ujumbe huo wa simu, huvuta hadi ampea 2 kwa mikupuo. Waya ukiwa mwembamba inajizima kila inapotafuta mtandao, hivyo kapasita ya mikrofaradi 1,000 ikae karibu na miguu yake.

Kwenye kupima volti ndipo wengi wanapoteleza. Rezista za kilo-omu 100 na 5.1 hushusha volti 60 hadi 2.9, kiasi ambacho ESP32, chipu inayoendesha kifaa, inahimili. Zikiwa za usahihi wa asilimia 5, kosa kwenye volti 54 linaweza kukaribia volti 5. Hata za asilimia 1 zinaweza kukosea volti moja, sawasawa na ile ziada tunayoisaka. Kifaa kisichosahihishwa kwa mita ya kuaminika hakifai kufungwa.

Wanaopinga wana hoja mbili nisizoweza kuzipuuza. Mitambo mingi ya simu ya volti 48 huunganisha chanya na ardhi. Fundi aliyezoea sola, akiunga hasi ya kifaa kwenye hasi ya benki kisha akachomeka kebo ya USB kwenye swichi iliyofungwa ardhini, amepitisha shoti ndani ya kebo hiyo. Ya pili ni rilei, swichi ya umeme ambayo kifaa hutumia kukata chaji: zile ndogo za bluu zimeandikwa ampea 10 kwa volti 30 za DC. Kwenye volti 54 cheche haizimiki upesi, ncha zinaweza kugandana, na chaji haikatiki tena.

Kwa hiyo kifaa cha fundi kipime na kitoe taarifa, kikiwa na fyuzi yake karibu na betri. Kuongoza chaji kuachwe kwa chaja yenye ulinzi wake. Na mnunuzi, kabla ya kulipa, adai mchoro wa nyaya na nakala ya programu, ili fundi mwingine aweze kukitengeneza wa kwanza akihamia Dar es Salaam.