Yohana Aliwaacha Waende

Mabango mengi ya mikutano ya injili siku hizi yanafanana. Uso wa mtumishi umejaa katikati, kando yupo mama mchungaji, halafu vinafuata vyeo: Mtume, Nabii, Askofu Mkuu. Jina la Yesu utalikuta chini, karibu na namba ya simu.

Sina ugomvi na bango lenyewe; watu lazima wajue mkutano uko wapi. Mimi unyenyekevu wa mhubiri naupima pale washirika wake wanapoanza kuhama.

Yohana Mbatizaji alipimwa hapo. Kwanza Andrea na mwenzake, wanafunzi wake mwenyewe, walimsikia akisema, "Tazama, Mwana-kondoo wa Mungu," wakamwacha wakamfuata Yesu. Baadaye, akiwa Ainoni karibu na Salimu, wanafunzi waliobaki wakamjia na malalamiko: yule uliyemshuhudia sasa naye anabatiza, na watu wote wanamwendea. Ni maneno ya wapambe kabisa! Kwetu hapo kungeitishwa kikao, na Jumapili inayofuata mahubiri yangehusu waasi na kondoo wasiotulia zizini. Yohana akajibu kama mshenga anayejua bibi arusi si wake: furaha yake imetimia. "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua."

Na asidhani mtu kwamba Yohana alikuwa mnyonge. Ndiye aliyemwambia Herode waziwazi kwamba si halali kwake kuwa na mke wa ndugu yake, akafungwa kwa hilo. Kwa hiyo simwelewi mtumishi anayeshika maikrofoni na kusema "mimi si kitu, ni mavumbi tu," kisha mwimbaji wa kwaya akiomba kuhamia kanisa jingine anaambiwa ametoka kwenye baraka. Yohana alijua kazi yake na mwisho wake.

Hata hivyo, ukisoma Matendo 19 utashangaa. Miaka mingi baada ya Yohana kukatwa kichwa, Paulo alikuta Efeso wanafunzi wapatao kumi na wawili waliobatizwa ubatizo wa Yohana, nao hata habari za Roho Mtakatifu hawakuzisikia. Ikabidi Paulo awakumbushe kwamba Yohana mwenyewe aliwaambia watu wamwamini yeye atakayekuja nyuma yake, yaani Yesu. Ikiwa hao walibakia kwa Yohana, aliyesema wazi "Mimi siye Kristo," watabakia wapi waumini wanaobandika picha ya nabii wao kwenye kioo cha gari, na nabii akaiona, akanyamaza?