Safari ya Kambi na Uvuvi Ipangwe kwa Mwezi, Si kwa Wikendi

Familia nyingi hupanga kambi ya ufukweni kwa mtindo huu: kwanza tarehe, siku ambayo wote hawana kazi wala shule, kisha hema, mishipi na chakula, mambo ya bahari watayajua hukohuko. Kwangu mimi hapo mkia umetangulia kichwa. Jedwali la kupwa na kujaa litazamwe kwanza, tarehe ifuate.

Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Maana yake, Jumamosi hii maji yakiwa yamejaa saa 11 jioni, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo yatakuwa yamekupwa. Watoto wamekaa tayari na mishipi yao, mbele yao matope na mawe matupu. Hapo hakuna chambo kitakachowasaidia.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na kilele chake hufika siku moja au mbili baadaye. Maji hupanda sana, hushuka sana, na mkondo hukimbia. Wavuvi hodari huzipenda siku hizo. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo huwa mvivu na samaki wengi hula kwa kusitasita, lakini kwa mtoto wa miaka sita ndizo siku za kumfundisha kushika mshipi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika pwani moja, maji ya bamvua hujaa karibu saa zilezile mwezi hadi mwezi. Ukiijua saa hiyo, unahesabu dakika 50 kwa kila siku na kuona ni siku zipi maji yatajaa asubuhi mapema au jioni, jua likiwa si kali. Zikiangukia kwenye bamvua tupu, nendeni, ila vueni kwenye mchanga. Mwambani msiende.

Maana maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua tofauti ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa: saa ya kwanza hupanda sentimita 25 hivi, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, kisha hupungua tena, 50 na 25. Nusu ya maji yote huja katika saa mbili za katikati. Aliyeona saa ya kwanza "bado yako mbali" ndiye anayezungukwa na maji akiwa juu ya jiwe. Kanuni yangu kwa watoto haina mjadala: maji yakigeuka kuanza kujaa, kila aliye mwambani anarudi.

Hema nalo linategemea hesabu hiyohiyo. Tafuta mstari wa mwani ulioachwa na maji. Ikiwa ni miwili, fuata ule wa juu, mkavu, wenye vijiti na takataka za zamani, kisha panda juu zaidi. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Upepo ukiongezeka usiku huchomoka kimoja baada ya kingine. Jaza mchanga kwenye vifuko imara vya nguo, funga kamba ya hema katikati ya kila kifuko, fukia kwa kina cha sentimita 40 na ushindilie kwa mguu. Kabla ya kulala vuta kila kamba kwa nguvu. Iliyolegea fukia upya. Mlango usielekee upepo, na kumbuka kwamba hali ya hewa ikiwa tulivu upepo wa mchana hutoka baharini na wa usiku hutoka nchi kavu.

Maji ya kunywa na kupikia: lita 4 kwa mtu kwa siku, na zaidi kukiwa na joto kali. Watu watano kwa siku tatu ni madumu matatu ya lita 20, na si kosa kuongeza la nne. Vyombo oshea maji ya bahari.

Kwenye vifaa vya uvuvi watu hutumia pesa nyingi pasipo haja. Mtoto anatosheka na mshipi wa mkono wa nailoni wa milimita 0.40 au 0.50, chubwi ya gramu 30 na ndoana moja tu, namba 6 au 8 (hapa namba ikikua ndoana inapungua). Ule ujino wa ndoana ubane kwa koleo hadi ulale. Ndoana ikimchoma mtu itatoka kirahisi. Chubwi ya risasi ni sumu, kwa hiyo isiumwe kwa meno. Palipo na mawe, ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe: ikinasa, unapoteza chubwi peke yake. Kwa chambo napendelea ngisi kuliko kamba, kwa sababu kamba ni laini, samaki wadogo humnyofoa kwa dakika moja na mtoto anabaki kuloweka ndoana tupu. Kata vipande vya upana wa sentimita 1 na urefu wa 5, uchome mara mbili.

Vibali na urefu wa chini wa samaki wa kuchukua uliza kabla ya kufunga mizigo.

Samaki akitoka, muue mara moja, kata matamvua damu itoke, toa matumbo, mlaze kwenye barafu, kilo moja kwa kilo moja, na maji ya barafu yawe yanachuruzika. Vibua na jodari wakikaa juani hutengeneza sumu ambayo moto hauiondoi. Bunju rudisha baharini; naye hatakasiki kwa kupikwa.

Na moto usifukiwe kwa mchanga. Mchanga hutunza joto kwa saa nyingi na hauonekani tofauti na mwingine, kisha mtoto pekupeku anapita juu yake asubuhi. Mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, hadi kiganja kiweze kukaa pale bila kuungua.