Tuko Tisa: Sinagogi, Shughuli za Kijamii na Mtu wa Kumi

Ni asubuhi ya siku ya kazi, watu hawajatoka majumbani, simu inalia. Anayepiga hana maneno mengi: "Tuko tisa." Anayepigiwa haulizi tisa wa nini. Ananawa uso, anavaa viatu, anaelekea sinagogi. Kwa sheria ya Kiyahudi zipo sala ambazo hazisaliwi mpaka watimie watu wazima kumi. Mojawapo ni kadishi, ambayo aliyefiwa na mzazi huisema kila siku kwa miezi 11. Wakiwa tisa, mfiwa anasubiri. Sala zake nyingine anaweza kuzisali peke yake, lakini kadishi haisemwi. Akidi hiyo kwa Kiebrania huitwa minyan, na mtu asiye na elimu wala cheo, akiingia akawa wa kumi, ana uzito ule ule wa rabi.

Nimeanza na simu hiyo kwa sababu naona ndiyo kipimo kinachosahaulika katika mjadala ambao masinagogi ya Marekani yamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 100. Je, nyumba ya sala ijenge jumuiya kwa kuongeza shughuli za kijamii, yaani chakula cha pamoja Ijumaa jioni, muziki, vikundi vya wazazi wenye watoto wadogo, safari za wazee? Au ishike sala na masomo, iwaachie wengine burudani?

Wanaotaka shughuli hawazungumzi hewani. Utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2020 ulikuta kwamba asilimia 12 tu ya Wayahudi watu wazima nchini Marekani huhudhuria ibada kila wiki. Miongoni mwa waliofunga ndoa kuanzia mwaka 2010, asilimia 61 wameoana na watu wasio Wayahudi. Mtu asiyehudhuria, wanasema, hatavutwa na sala ndefu katika lugha asiyoisoma. Atavutwa na meza yenye chakula, na mtu anayemjua mtoto wake kwa jina. Tena wanakumbusha kwamba kwa Kiebrania sinagogi ni beit knesset, nyumba ya kukusanyikia, na neno la Kigiriki tulilolipokea sisi nalo lina maana hiyo hiyo. Kukutana kumo ndani ya jina lenyewe.

Hoja hii ilijengewa jengo zima. Mwaka 1918, katika mtaa wa 86 upande wa magharibi wa Manhattan, lilifunguliwa Jewish Center, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa rabi Mordecai Kaplan, mzaliwa wa Lithuania. Ndani ya jengo moja kulikuwa na ukumbi wa sala, madarasa, ukumbi wa mazoezi na bwawa la kuogelea. Kaplan alikuwa akiwatazama watoto wa wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki wakiyapa mgongo masinagogi madogo ya wazazi wao, akaona kwamba dini ya saa chache kwa wiki haiwezi kumshika kijana wa New York. Alitaka Myahudi apate pa kuishi Uyahudi wake. Mfano huo ukaigwa miji mingi, na malalamiko yakaufuata kila ulikokwenda: watu wanaingia kwa mlango wa bwawa na kutoka kwa mlango huo huo, ukumbi wa sala hawaujui.

Malalamiko hayo yana haki, ila nadhani yanaulaumu upande usiohusika. Kuogelea hakujawahi kumharibia mtu sala. Tatizo ni kwamba bwawa halimhitaji mwogeleaji. Asipokuja leo maji yako pale pale, na hakuna atakayempigia simu. Ndivyo zilivyo shughuli nyingi zinazobuniwa leo kwa nia njema: mtu anakuja, anahudumiwa, anashukuru, anaondoka. Akihama mji, kiti chake kinakaliwa na mwingine kabla hakijapoa.

Kaplan mwenyewe alitofautiana na wenzake, akaondoka mwanzoni mwa mwaka 1922 kuanzisha jumuiya nyingine. Tarehe 18 Machi mwaka huo, binti yake Judith, mwenye umri wa miaka 12, alisimama mbele ya kusanyiko akasoma fungu la Torati, jambo lililokuwa la wavulana peke yao. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa bat mitzvah ya kwanza ya hadharani Marekani, sherehe ya msichana kuingia katika wajibu wa dini. Kati ya bwawa na usomaji ule, mimi nauona usomaji kuwa ujenzi wa jumuiya ulio mkubwa zaidi. Bwawa lilimkaribisha msichana. Siku ile alikuwa na kazi, na watu walinyamaza kumsikiliza aifanye.

Kuna njia nyingine ya kuliona hili, nayo ni kuangalia nani anahesabiwa katika wale kumi. Mwaka 1973 kamati ya sheria ya Wayahudi wa mrengo wa Conservative, ulio kati ya washika mapokeo na wanamageuzi, iliruhusu wanawake kuingizwa katika akidi. Mwaka 2011 kamati hiyo ikatoa uamuzi kuhusu viziwi. Sheria ya kale ilimweka asiyesikia wala kusema pamoja na watoto na wasio na akili timamu, watu wasiobebeshwa wajibu, kwa kuwa enzi hizo alidhaniwa haelewi. Uamuzi mpya ukasema kwamba anayewasiliana kwa lugha ya alama ana akili na wajibu kama mwingine yeyote, basi ahesabiwe. Fikiria hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Sinagogi lingeweza kuweka mkalimani, kumtengea kiziwi kiti cha mbele na kumshika mkono kwa upendo, na bado, wakiwa tisa, yeye akiingia wangebaki tisa.

Waorthodoksi, yaani Wayahudi washika mapokeo, hawakubaliani na kuwahesabu wanawake, na hoja yao inastahili kusikilizwa kwa makini. Wanasema nguvu ya kumi ni kwamba haigeuzwi. Siku ukiibadilisha kwa sababu watu wanataka, kesho utaipunguza kwa sababu watu wamechoka, na simu ya asubuhi haitamtoa mtu kitandani. Na maisha yao yanawapa ushahidi. Kwa kuwa hawaendeshi gari siku ya Sabato, hukaa karibu na sinagogi ili wafike kwa miguu. Wanaokaa karibu hualikana kula, humpelekea chakula mama aliyejifungua, huwaoshea wenzao maiti, huketi na mfiwa siku saba. Mengi ambayo wengine wanayatafuta kwa bajeti na matangazo, wao wanayapata kwa wajibu na ujirani. Hilo nalikubali bila shida. Ninachoshindwa kukikubali ni mwanamke aliyefiwa na baba, aliyekuja kila asubuhi kwa miezi 11, akasimama nyuma ya pazia huku wanaume tisa wakitazama mlango kumngoja wa kumi.

Sijagusa fedha, na fedha hufunga milango mingi kimyakimya. Msomaji aliyezoea kikapu cha sadaka atashangaa kusikia kwamba masinagogi mengi ya Marekani huendeshwa kwa ada ya uanachama ya mwaka, na kwa muda mrefu yameuza tiketi za ibada za Mwaka Mpya wa Kiyahudi na Siku ya Upatanisho. Sababu ipo: kwa mapokeo, fedha haishikwi siku ya Sabato, hivyo kikapu hakiwezi kupita. Lakini mjane anayelazimika kuieleza ofisi hali yake ili apunguziwe amekwisha kujua anaonwaje. Baadhi ya masinagogi yameacha kupanga kiwango, kila mtu atoe anachoweza. Kwangu, hatua hiyo ina uzito kuliko tamasha lolote.

Wapo pia ambao hawatahesabiwa katika kumi kwa sheria ya mrengo wowote mkubwa: mume au mke asiye Myahudi, jirani, mgeni. Hapa upande wa shughuli una hoja ambayo upande wa sala hauna jibu lake. Mtu huyu anawalea watoto wa Kiyahudi, anapika vyakula vya Pasaka, anamzika mkwewe kwa taratibu za Kiyahudi. Ukimwambia jumuiya ni sala tu, umemwambia akae nje.

Mfano ninaoupenda hauko Marekani, uko jirani na sisi. Wayahudi wa Uganda, Abayudaya, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 karibu na Mbale, wana shule ambazo watoto wa Kikristo na wa Kiislamu husoma pamoja na wao. Mwaka 2004 J. J. Keki, mmoja wao, aliwakusanya wakulima wa dini hizo tatu wakaunda ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, kwa Kiganda "amani tamu". Naupenda kwa sababu huwezi kuwa mwanachama wa ushirika wa kahawa kwa kukaribishwa tu. Lazima ulete kahawa. Wewe usipochuma vizuri, bei ya jirani yako inaumia. Hapo Mwislamu hakualikwa na Myahudi kuja kutazama, wanategemeana.

Kukaribisha huku kuna gharama, na gharama yake imelipwa kwa damu. Shirika la HIAS, lililoanza kwa kuwasaidia wahamiaji wa Kiyahudi, baadaye lilianza kusaidia wakimbizi wa kila asili, wa Nairobi wakiwemo, na kwa miaka mingi lilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyowapokea wakimbizi Marekani, ambako Wakongo walikuwa moja ya makundi makubwa. Masinagogi yalishiriki kazi hiyo. Mtu aliyeishambulia HIAS mtandaoni kwa kuleta wageni aliingia na bunduki katika jengo la sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh, Marekani, Jumamosi asubuhi, tarehe 27 Oktoba 2018. Aliua watu 11 wa jumuiya tatu zilizokuwa zikisali chini ya paa moja.

Kati ya waliouawa walikuwamo ndugu wawili wenye ulemavu wa akili, wanaume wa miaka 50 na kitu. Walijulikana kwa kufika mapema na kuwasalimu watu wakiingia. Jumuiya ile ilikuwa imewapa wanaume hao kitu ambacho hakuna ratiba ya shughuli inayoweza kukiandika: mgeni akifika, wao ndio walikuwa wenyeji.

Tangu siku hiyo masinagogi mengi yameweka walinzi, na sijui mtu mwenye haki ya kuwalaumu. Tarehe 15 Januari 2022, huko Colleyville, Texas, rabi Charlie Cytron-Walker alimfungulia mgeni aliyeonekana kutaka hifadhi kutokana na baridi, akamtengenezea chai, na mgeni huyo akawashika mateka, yeye na waumini watatu. Mmoja aliachiliwa mapema; baada ya muda wa saa kama 11 rabi alimrushia mshikaji kiti, naye na wawili waliobaki wakakimbia wakapona.

Wasiwasi wangu ni kwamba mlinzi akiachwa peke yake ndiye anayekuwa uso wa sinagogi kwa mtu anayekuja mara ya kwanza: kijana aliyekulia bila dini na anaona aibu kwamba hajui kitabu kinafunguliwa upande gani, mwanamke mwenye mume Mkristo, mtu mweusi ambaye kila mara huulizwa amefuata nini. Kamati inayopanga bajeti ya mwaka inaweza kufuta jioni moja ya muziki bila hasara kubwa. Ila pale mlangoni, hatua mbili tu kutoka alipo mlinzi, imweke mwanajumuiya mwenye zamu yake, mwenye kitabu cha sala mkononi, ambaye asipokuja Jumamosi hii ni lazima atafutwe mwingine wa kusimama mahali pake.