Stara isiwe kichaka cha matapeli wa chanjo

Sisi watu wa Tanga tuna stara, na ninaipenda. Lakini kuna mahali stara inamsaidia mwizi. Mama akilizwa elfu kumi na mtu aliyejiita mhudumu wa chanjo, wenzake humwambia afunike kombe mwanaharamu apite. Na kweli anapita: anatoka Ngamiani, anahamia Chumbageni, kesho yuko Pongwe na mkoba uleule.

Mwaka jana alipita mtaani kwetu dada mmoja, koti jeupe, kitambulisho shingoni, kikapu cha plastiki mkononi. Aliingia nyumba ya jirani yenye mtoto mchanga akasema ana dozi ya surua iliyobaki, mzazi achangie 5,000 ya usafiri. Jirani akaomba kuona kichupa. Dada akadai kimo kwenye baridi, hakishikwishikwi ovyo, na kikapu chenyewe hakina hata barafu, saa saba mchana jua la utosi. Alipobanwa kidogo akasema ana nyumba nyingine inamsubiri.

Jirani alijua la kuuliza. Chanjo za watoto kwa kawaida hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Vichupa vingi vina alama ya duara lenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu chanjo. Rangi zikishalingana, au mraba ukawa mweusi zaidi, inatupwa. Mzazi anaweza kuomba aone, na muuguzi wa kweli atamwonyesha. Hata kama kikapuni mle mlikuwa na chanjo halisi, huenda joto lile lingekuwa limeshaiharibu. Na mara nyingine hamna chanjo kabisa: mwaka 2021 kule Kampala mamia ya watu walichomwa chanjo bandia ya Uviko, na serikali ya Uganda ikasema vichupa vilikutwa na maji.

Naelewa kwa nini tunafungua milango. Mwaka 2022, polio ilipozuka Malawi, wahudumu wetu walipita nyumba kwa nyumba. Lakini walitia matone mdomoni, wakapaka wino kidoleni, wakaenda zao bila kudai hata shilingi. Chanjo za watoto za mpango wa taifa ni bure kwenye vituo vya serikali, pamoja na ile ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Anayekudai pesa mlangoni ni tapeli au mla rushwa.

Wanaoniuma zaidi ni wanaonunua kadi za chanjo bila kuchanjwa. Wapo wa homa ya manjano, wanaotaka kupita mpaka wa Horohoro bila usumbufu, na wapo wa homa ya uti wa mgongo, wanaokwenda Hija au Umra. Mnunuzi anajiona mjanja, kwa hiyo hatoripoti kamwe. Mwaka 2000 mahujaji waliugua homa ya uti wa mgongo ya aina ya W135, wengine wakarudi nayo makwao ikawapata jamaa zao. Ndiyo sababu leo Saudia inadai cheti cha chanjo inayokinga aina hiyo pia. Babu anayeingia Maka na cheti cha kununua ana muhuri, kinga hana. Chanjo za safari hulipiwa, ni kweli, lakini hospitali ya serikali hukupa kontroli namba na risiti. Ukiambiwa utume kwenye simu ya mtu, ondoka.

Semeni, jamani. Mhudumu akidai pesa ya chanjo ya bure, TAKUKURU wanapokea kwa 113. Ujumbe wa simu wa kitapeli usiufute. Ripoti namba iliyoutuma kwa 15040. Wa mlangoni, mwenyekiti wa mtaa na polisi papo hapo, na Wizara ya Afya ina namba 199. Jirani yangu hakupoteza hata senti lakini alikwenda kwa mwenyekiti jioni ileile, na kabla ya Isha mtaa mzima ulikuwa na habari.

Kama mtoto ameshachomwa, mpeleke kituo cha afya leo, na kadi yake ya kliniki. Eleza siku, sehemu alipochomwa, na kama kichupa kilibaki kibebe. Usione haya: muuguzi anahitaji kujua ili ampime na kumpangia chanjo upya.