Sailensa ya nyuma inalaumiwa bure

Gari likinyanyuliwa na watu wakachungulia chini yake, hukumu huwa ni ileile: lile kopo kubwa linaloning'inia chini ya buti, yaani sailensa inayopunguza kelele za moshi, "linakaba injini". Dawa yake ni kuling'oa, kuchomelea jingine dogo katikati ya gari, kisha kuacha bomba tupu liende mpaka nyuma. Gari likiwashwa linanguruma, mwenyewe anatabasamu, na mjadala unafungwa hapo. Naona unafungwa mapema mno.

Wanaoisogeza sailensa mbele wana hoja mbili ninazoziheshimu. Kwanza ni kutu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na maji hayo hutoka kama mvuke ndani ya moshi. Mvuke ukifika kwenye sailensa ya nyuma ambayo bado ni baridi, hugeuka maji na kutuama humo. Gari la safari fupi halipati muda wa kuyakausha, ndiyo maana sailensa nyingi huoza kwa ndani huku nje bado zinang'aa. Iliyo karibu na injini hupata moto upesi na kukauka. Pili ni kona. Bomba linalokwenda nyuma hulazimika kupanda juu ya ekseli na kushuka tena, na kila kona huupunguzia moshi njia. Ukiwa na sailensa katikati na mdomo ukatokea ubavuni, kona hizo zinakwisha. (Mdomo wa ubavuni, hata hivyo, huweka monoksidi ya kaboni jirani na madirisha, na gesi hiyo haina harufu wala rangi ya kukuonya.)

Dai kubwa ndilo ninalolikataa, kwamba injini inapumua vizuri zaidi kwa sababu tu kopo limesogea mbele. Hesabu inasema kinyume. Tuseme moshi una nyuzi 600 za Selsiasi karibu na injini, na umepoa hadi 300 ukifika nyuma. Gesi hutanuka ikipata joto, kwa hiyo moshi uleule mbele unachukua nafasi kama mara moja na nusu ya ile unayoihitaji nyuma. Kopo lilelile ukilisogeza mbele unalipa moshi unaotaka nafasi kubwa zaidi, unaokimbia zaidi, na kizuizi kinapanda kwa kiwango kama hicho. Sailensa inapumua kwa nafasi kule nyuma, ambako moshi umekwisha kupoa.

Kuna pia suala la mawimbi, na hapa watetezi wa sailensa ya mbele hukaribia ukweli kisha wakaupita. Valvu ya kutolea moshi ikifunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia bombani. Likikuta mahali panapopanuka ghafla, sehemu yake hurudi kama mvuto, na ukirudi kwa wakati unaofaa husaidia kunyonya mabaki ya moshi silindani. Lakini wakati ndiyo kila kitu. Mpanuko ukiwa mita 1 kutoka kwenye valvu, safari ya kwenda na kurudi huchukua kama milisekunde 3.6, na injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 10. Hapo wimbi linawahi. Sailensa iliyo mita 3 au 4 nyuma hurudisha wimbi lililochelewa na kuchoka, na katikati kuna kopo la katalisti, lile la kusafisha moshi, lenye vitundu vyembamba linalolivunja zaidi. Mchezo huo huchezwa kwenye manifoldi, yale mabomba yanayokusanya moshi pale unapotoka silindani. Hata ule mngurumo wa kukatakata uliozipa jina Subaru za boksa (zenye silinda zilizolala pande mbili za injini) umetokana na mabomba ya manifoldi yasiyolingana urefu.

Mbona basi wengi husikia nguvu imeongezeka? Kwa sababu siku ileile walibadilisha vitu vitatu: walitoa kopo la vyumba vyenye kona wakaweka la kupita moja kwa moja, wakapanua bomba, na wakasogeza mahali. Mawili ya kwanza hufungua njia kweli. La tatu hupewa sifa isiyo yake, likisaidiwa na kelele, maana gari linalopiga kelele huhisiwa lina kasi.

Kitu ambacho mahali pa sailensa hubadilisha waziwazi ni sauti, na namba moja imenikaa kichwani tangu nilipoipiga hesabu. Bomba lililo wazi ncha zote mbili huimba kama filimbi, kwa wimbi lenye urefu mara mbili ya bomba lenyewe. Sailensa ni chumba kipana, kwa hiyo mkia, yaani bomba linalotoka humo kwenda nje, kwa upande wa sauti ni bomba lililo wazi pande zote. Chukua mkia wa mita 2.2, urefu wa kawaida sailensa ikiwa katikati. Ndani ya moshi wa nyuzi 200 hivi, sauti husafiri karibu mita 440 kwa sekunde. Gawanya kwa 4.4: mitetemo 100 kwa sekunde. Injini ya silinda nne hutoa mapigo mawili ya moshi kwa kila mzunguko, kwa hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kwa sekunde. Mapigo ya injini yameikuta noti ya bomba, yaani mlio wake wenyewe, na sauti inakuzwa.

Na 3,000 ndipo magari mengi madogo hukaa kwenye barabara kuu. Hukanyagi kwa nguvu, hupandi mlima. Unakwenda tu, na ule mvumo mzito unakaa masikioni saa nzima. Kuongeza zulia hakusaidii, kwa sababu hewani wimbi hilo lina urefu wa mita 3.4, na zulia ni kama halipo mbele yake. Watu huuza gari zima kwa ajili ya mvumo huu wakidhani injini ina ugonjwa.

Sasa rudisha sailensa nyuma na mkia wa sentimita 40. Noti ya bomba inapanda hadi mitetemo 550. Mapigo ya silinda nne kuifikia yangehitaji mizunguko 16,500, na zile sauti kali za juu zinazobaki hunyonywa na sufi ya ndani ya kopo. Bomba refu lililo kabla ya sailensa nalo huimba, lakini wimbo wake lazima upite ndani ya kopo kabla ya kutoka, na kwa hilo viwanda vingi huweka kopo dogo la pili katikati. Volkswagen Beetle yenyewe, yenye injini nyuma na sailensa iliyobanana nayo, ilikuwa na mikia mifupi tu. Umbali wa sailensa kutoka kwenye injini ulikuwa mdogo sana. Bomba lililobaki baada ya kopo lilikuwa fupi pia.

Aliyekwisha kuchomelea katikati bado ana njia. Tawi la bomba lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi, huua noti moja. Kwa mfano wetu ni mita 1.1, nusu ya mkia wenyewe, na itabidi lipate nafasi chini ya sakafu ileile.