Mimi na Zumba Wapi na Wapi

Barua niliyopewa na hoteli ninakofanya kazi imeanza na "Mpendwa". Mimi barua ya ofisini ikianza kunipenda, natafuta pa kukaa kwanza.

Inasema hoteli "inajipanga upya". Mlio Malindi hii mnajua wimbo huo. Kusi ikiingia Wataliano wanakwenda zao, mwani unajaa ufuoni, sisi tunapewa likizo ambayo hakuna aliyeiomba, na mwenye duka anaficha daftari la mkopo. Hayo tushayazoea, twangoja Agosti. La safari hii ni jipya: stoo imenunuliwa tableti. Tableti ndiyo itakayojua sukari imebaki kiasi gani. Mimi mtunza stoo, nimshikaye nguru mkia nikakutajia kilo zake, mimi niliyewatoa jasho wauza kamba wanaouza barafu kwa bei ya kamba, naambiwa nafasi yangu "imezidi". Na tableti hiyo ikiletewa samaki wa juzi itanusa kwa pua gani, sijui.

Basi nikaitwa ofisini. Binti wa idara ya wafanyakazi, mpole, sauti ya kubembelezea mtoto, kiyoyozi kinamvumia. "Karibu mzee wangu, keti." Akanisogezea sahani ya biskuti. Biskuti zenyewe nazijua. Ni za ile katoni niliyoiandika kwa wino mwekundu kwamba mwisho wake mwezi huu.

"Mzee wangu, hatutaki kukupoteza."

"Nashukuru, mama. Hata mimi sitaki kupotea."

"Tumekutafutia nafasi nyingine humu humu. Kwenye animesheni."

Watu wa hoteli hapo mshanielewa. Animesheni ni wale vijana wa fulana za rangi kali, wanaomwamsha Mtaliano aliyejilalia zake kando ya bwawa ili wakamrushe-rushe majini. Asubuhi mazoezi ya majini, alasiri bocce, ule mchezo wa Kitaliano wa kurusha mipira, jioni zumba, mazoezi ya kucheza muziki, usiku maigizo. Nikamwangalia binti nione kama anatania. Anaandika.

"Mama, mimi nina goti."

"Sote tuna magoti, mzee wangu."

"Langu lina faili hospitali."

"Lakini hapa naona unajua Kitaliano."

"Kitaliano changu ni cha stoo. Najua farina, najua olio, najua zucchero. Nikipewa kipaza sauti niwatangazie wageni unga na mafuta?"

Akacheka kwa adabu, akasema nijaribu tu, kujaribu si dhambi. Nikapelekwa bwawani na suruali yangu ya kazi na kalamu mfukoni. Mkuu wa animesheni ni kijana kazipaka nywele manjano, na baba yake namjua, tulisoma chuo kimoja kwa maalimu mmoja. Shikamoo akanipa, hilo siwezi kumdhulumu. Kisha akapuliza filimbi.

"Baba, legeza kiuno."

Wallahi hivyo ndivyo alivyoniambia, mbele za watu. Kiuno hiki mara ya mwisho kulegea ilikuwa siku ya harusi yangu, na ilikuwa njaa. Nikanyanyua mkono mmoja, nikaushusha. Nikanyanyua wa pili. "Na miguu, baba!" Miguu ikaulizana nani aanze. Spika inalia, kijana anaruka, mimi nahama kushoto wao wanakwenda kulia. Bibi mmoja wa Kitaliano akapiga kelele "Bravo!" akanipiga picha, na sasa nitazeekea Milano ukutani kwa watu nisiowajua. Kisha naambiwa niingie majini. Mimi siogelei. Msinicheke, tuko wengi tuliozaliwa pwani na bahari twaijua kwa macho tu.

Nikageuka kutafuta mlango, nani yuko pale jikoni? Mkwe wangu. Kaleta samaki na karai lake. Mzee wa watu alivyoniona akainama, akaanza kuhesabu samaki ambao alikuwa kashawahesabu.

Nikarudi ofisini na suruali imelowa mapajani. Nikasema hapana, kwa heshima na taadhima. Binti akafumba kalamu. "Basi mzee wangu, itabidi tuandike kwamba umekataa kazi."

Hapo ndipo nilipozinduka. Kijana wangu kanisomea kwenye simu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, cha kupunguza wafanyakazi. Notisi isiyopungua mwezi mmoja, chama cha wafanyakazi kiarifiwe, na ofisa wa kazi wa serikali pia. Likizo zangu nilizozilaza nilipwe pesa taslimu. Na kiinua mgongo, mshahara wa siku 15 au zaidi kwa kila mwaka niliomaliza. Wanapochagua wa kupunguzwa waangalie nani kakaa muda mrefu, nani ana ujuzi, nani anategemeka. Kiuno hakikuandikwa popote. Sasa mtu akitaka niondoke, si anipe haki yangu niondoke! Lakini kunitafutia kazi unayojua nitaikataa, kisha kukataa kwangu kuwe ndilo kosa langu, halafu miaka yangu yote pale isitajwe kwenye barua hata kwa mstari mmoja, na juu yake nile biskuti niseme asante? Hapana jamani. Hata Vasco da Gama alipotia nanga hapa 1498 alipewa rubani wa kumvusha mpaka India, na sikusikia rubani yule kuambiwa acheze kwanza.

Wenzangu nao wamepata za kwao. Mpishi wa keki kapewa bustani. Askari wa usiku kapelekwa dobi. Wa mapokezi kaambiwa aende Watamu, nauli juu yake.

Mama watoto nilipomweleza aliuliza neno moja tu: "Inalipa ngapi?"

Na kinachoniuma zaidi, hoteli ile ile ina kijana wa manati. Kazi yake kukaa kivulini afukuze kunguru wasibebe mikate ya wageni. Hiyo mbona hawakuniambia? Ile ningeiweza, na sababu ninazo. Hawa kunguru wa Kihindi wenye shingo ya kijivu wametushinda mji mzima, vifaranga wanabeba, mayai wanabeba, sabuni ya kuogea wanabeba. Jana nimesimama kwa mama mahamri, hamri liko mkononi, bakuli la mbaazi liko mkono wa pili, mmoja akashuka akalichukua kidoleni pangu akaenda kutua kwenye bati la kinyozi, akalila huku ananitazama. Nikaomba jingine. Mama akasema sawa, lakini na la kunguru nitalilipia mimi.